Fundi Aliyesikiliza Pikapu kwa Miguu

Ndani ya gari hakuvaa viatu. Alikuwa akifungua mlango wa abiria, anaketi kiupande miguu ikiwa nje, anavua viatu vyake vyeusi vya kamba, anavigonganisha kutoa vumbi, kisha anakunja soksi na kuzisokomeza ndani ya kiatu cha kushoto. Viatu alivisukuma chini ya kiti. Kapeti la mpira alilikunja na kulitupa nyuma. Akishaweka nyayo zake wazi juu ya bati la sakafu ndipo alipofunga mlango, akafumba macho na kusema, "Haya. Endesha vile wewe huendesha."

Sisi wateja wake tulimwita Fundi, basi. Jina lake nililisikia likisomwa siku ya mazishi, na hata siku hiyo lilinipita kama jina la mtu mwingine. Wengi walimjua kwa kompyuta yake. Mimi namkumbuka kwa miguu, na kwa kuwa naona watu wanaanza kumsahau, nimeona niandike kidogo nilichokiona mwenyewe. Sikusoma sana. Nitakachokosea kuhusu mambo ya injini, mnisamehe, kwa maana naeleza nilivyoelezwa.

Kazi yake haikuwa ya spana. Alibeba begi la shule la rangi ya samawati, na ndani yake mlikuwa na laptopu nzito iliyopasuka kona, waya mnene wenye kichwa kipana, na mkate wa kukatwa alioula kidogo kidogo mchana kutwa. Waya ule aliuchomeka chini ya usukani. Magari yaliyoanza kuingia miaka ile yalikuwa na kompyuta ndogo iliyoiamuru injini: mguu ukigusa mafuta, toa dizeli kiasi hiki, klachi ikiachiwa, fanya hivi. Kampuni zilizotengeneza magari hayo zilikuwa zikitoa programu mpya kila baada ya muda, kurekebisha yale waliyokosea mwanzoni. Fundi aliipata programu mpya, akaitoa ile ya zamani, akaitia mpya, halafu akairekebisha tena kidogo kwa ajili ya milima yetu na kwa ajili ya mwenye gari. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe.

Pikapu yangu aliinunua marehemu mume wangu ikiwa mpya, na hakuitumia hata akaichosha. Alipoondoka nilijifunza kuendesha nikiwa mtu mzima, kwa sababu mayai hayakuweza kungoja matanga yaishe. Nilikusanya trei za mayai kwa wafugaji wa Kinoo na Uthiru, nikazipeleka hotelini mjini na kwa maduka ya Westlands. Gari lilikuwa la gia za mkono na lilikuwa na tabia mbaya. Nikiachia klachi niondoke, lilitetemeka, likaruka kama mbuzi aliyevutwa kamba. Nikitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, liliinamisha kichwa kisha likakirusha nyuma. Nikiondoa mguu kwenye mafuta, injini iliendelea kunguruma kidogo kama haijasikia. Mlima wa Kangemi, nyuma ya lori, ulikuwa unanitoa jasho: lingezimika hapo hapo, honi zikaanza nyuma yangu. Na mayai yalikuwa yakivunjika. Ungefungua turubai ukaona ute unachuruzika kutoka trei moja hadi nyingine. Meneja wa hoteli moja alikuwa amekwisha kuniambia kwamba wiki nyingine kama hiyo, atatafuta mtu mwingine.

Kila niliyemweleza aliniangalia miguu. "Mama, klachi si cherehani," mmoja aliniambia, na wenzake wakacheka. Nami niliamini. Niliona ni kweli, ni mguu wangu.

Ndivyo nilivyofika siku ya kwanza kwenye uwanja uliokuwa nyuma ya maduka ya vipuri, Kirinyaga Road, kukiwa na nyundo zinalia kila upande. Nilimkuta anakula mkate. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye mvi za mapema, na sweta ya kijani aliyoivaa jua liwake lisiwake.

"Iko na shida gani?"

"Inaruka, Fundi. Lakini wanasema ni mimi."

"Nani wanasema?"

"Wote."

"Wote wameingia ndani?"

"Hapana."

Akavua viatu. Tukatoka hadi mzunguko wa Globe, tukapanda Museum Hill, tukashika barabara ya kwenda Westlands, tukageuka. Njia nzima hakusema neno, macho yamefumbwa, vidole vya miguu vikijikunja na kujikunjua juu ya bati kama vya mtoto anayenyonya. Niliona aibu kumtazama. Tuliporudi alifungua macho.

"Mguu wako hauna makosa," alisema. "Unauliza vizuri kabisa. Ni injini inachelewa kujibu, halafu ikijibu inapiga kelele."

Sijui kama mtu mwingine ataelewa, lakini niliutazama mguu wangu wa kushoto kama kitu nilichokuwa nimenyang'anywa, sasa nimerudishiwa.

Alinieleza kwa nini. Alisema pikapu yangu ilifundishwa kwao, mahali karibu na bahari, kwenye barabara za tambarare na hewa nzito. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi. "Kwa hivyo ukiikanyaga, inangoja hewa ile ya nyumbani. Haiji. Inangoja. Ikichoka kungoja ndiyo inaruka." Tangu siku hiyo sijawahi kukipanda kile kilima asubuhi ya ukungu bila kufikiria gari linalongoja hewa ya kwao.

*

Wakati wa kutia programu alikuwa na sheria moja. Mkishaketi ndani na milango ikafungwa, hakuna kuongea, hakuna kugusa kitu, hakuna kufungua hata dirisha. Alisema umeme wa betri ukitikisika katikati ya kazi, kompyuta inakufa na hairudi. Lakini nadhani hata kama betri ingekuwa imara kama mlima, bado angetaka kimya kile.

Basi ndani ya kimya hicho mambo yalianza kutokea. Taa zote za dashibodi ziliwaka kwa pamoja, nyekundu, manjano, kijani, kama mji unaouona kutoka mbali. Injini ilikuwa imezimwa, lakini mishale ya saa ilianza kupanda yenyewe, polepole, ule wa mwendo na ule wa mafuta, ikafika juu kabisa, ikasimama, ikashuka. Kitu fulani mbele yetu kilipumua, kikanyamaza. Nje watu walikuwa wakigonga vyuma na kuitana. Midomo niliiona, sauti zilikuwa zimebaki huko.

"Inaota," alininong'oneza, na hiyo ndiyo mara pekee aliyoivunja sheria yake. "Acha iote."

Nilianza kulia. Nilikuwa sijalia vizuri tangu mazishi ya mume wangu. Palikuwa na wageni wa kupikiwa, palikuwa na kuku, palikuwa na barabara. Sasa nilikuwa nimeketi mahali ambapo sikuruhusiwa kufanya chochote, mishale inapanda na kushuka, na mtu asiyenijua ameketi kando yangu miguu mitupu. Hakunitazama. Alitoa kwenye begi kitambaa cha kufutia mikono, safi kuliko nilivyotegemea, akakiweka juu ya gia. Taa zilipozimika moja baada ya nyingine alisema tu, "Imeamka."

Baadaye nilijua kwamba sikuwa peke yangu. Kuna mwenye nyumba za kupangisha, mtu mkali sana, aliyekuwa akilala fofofo kila programu ilipotiwa na kuamka akiwa mpole. Kuna mhubiri aliyemwomba Fundi waombee gari kwanza kwa sauti. Fundi alikuwa mzee wa kanisa, na si wa jina tu; Jumapili hakugusa waya hata gari la nani likwame. Lakini alimwambia mhubiri yule, "Kimya kitatosha. Yeye anasikia hata betri ikiwa chini." Mhubiri alicheka, akanyamaza.

Siku ile ya kwanza, tulipotoka tena kujaribu, pikapu iliondoka Kirinyaga Road kama mashua kwenye bwawa. Tulirudi uwanjani na mafundi wengine wakakusanyika, maana walipenda kusikia mteja akisifu.

"Sasa?" aliniuliza.

"Bado," nikasema.

Wote wakanigeukia. Mmoja akasema, "Aki huyu mama!"

"Bado wapi?"

"Kuondoka iko sawa. Gia ya pili iko sawa. Lakini mlimani, nikiwa nyuma ya mtu, inakaa kama inafikiria."

Fundi alicheka hadi akashika mlango. "Mmesikia nyinyi? Miaka yote nauliza watu, wananiambia iko poa, iko poa, wakifika Kangemi wananitukana." Akavua viatu upya. "Mama Mayai, turudi."

Jina hilo likabaki. Tulipomaliza, jua likiwa limeanza kuinama, alinipa masharti ambayo sikuyachukulia kwa uzito siku hiyo. "Siku nikikosea," alisema, "uniambie hivyo hivyo. Usiniangalie mvi. Hii kazi ukidanganywa, unaua mtu mlimani." Nikasema sawa. Meneja wa hoteli aliendelea kununua mayai yangu.

*

Nilipomletea trei moja ya mayai kama shukrani, nilimwambia anaweza kuwa anayatumia kupimia magari: weka nyuma, zunguka, rudi uhesabu yaliyopasuka. Alilishika yai moja, akaligeuza.

"Yai linajua kuvunjika tu," akasema. "Mguu unajua kabla." Kisha akaenda kuyachemsha yote na kuwagawia wenzake uwanjani.

Alikuwa na misemo ya namna hiyo, na alikuwa na mambo yasiyopatana nayo. Mtu aliyetuliza magari ya wengine alikuwa na gari lake la zamani, dogo, rangi ya maziwa, la tangu enzi ambazo injini hazikuwa na kompyuta yoyote. Liliruka kuliko pikapu yangu ilivyowahi kuruka. Lilizimika kila penye taa za barabarani. Nilimuuliza kwa nini halitengenezi.

"Hii haina akili," alisema, akilipiga kofi paa. "Haiwezi kunidanganya. Nikirudi nyumbani nataka kupumzika."

Ndani ya gari alikuwa bubu. Nje ya gari alikuwa mtu wa maneno. Aliweza kusimama kwa mama wa chai akabishana jinsi chapati inavyopaswa kukunjwa kabla ya kusukumwa, akainua sauti, akachora duara hewani, mpaka foleni ikamzomea. Chai yake ilikuwa na sukari ambayo ungesema kijiko kitasimama chenyewe. "Fundi, hiyo ni uji ama ni chai?" mama wa chai alikuwa akimtania. Naye: "Ongeza kimoja ninyamaze." Wateja aliwakaripia kwa sababu ya betri chafu. Angeifuta kwa maji ya moto, akainama kuiangalia kama daktari, akasema, "Unataka ikufanyie kazi na wewe hujui hata inakula nini." Mwili wake mwenyewe hakuuliza unakula nini.

Wakati mmoja aliniomba nimpeleke Kitisuru, gari lake likiwa limemgomea. Huko kuna mzee mmoja mwenye nyumba kubwa na shamba la maua, naye alikuwa na pikapu kama yangu. Fundi alikuwa ameitia programu mwezi uliopita, na sasa amepigiwa simu kwamba imeharibika zaidi. Tulifunguliwa lango, mbwa wakafungwa, mzee akatoka na kofia ya jua.

"Wewe mwenyewe ulisema iko vizuri," Fundi akamwambia.

"Nilikuwa sahihi. Ilikuwa vizuri sana. Ni dereva wangu ndiye analalamika."

Dereva alikuwa kando, mikono nyuma. Fundi akamuuliza kuna nini.

"Mzee, mimi nikikanyaga inalala. Nikikanyaga sana inanirusha. Nimeshindwa."

Fundi akajipiga paji la uso kwa kiganja. Alikuwa ameipima kwa mguu wa mwenye gari, aliyekuja nalo mjini siku ile moja tu, ilhali kila siku lilikuwa likiendeshwa na huyu mwingine. Akavua viatu, akamwambia dereva apande.

"Kwani hii gari ni ya nani?" mzee akauliza, nusu mzaha.

"Ni yako, mzee. Mguu ni wake."

Mzee alicheka, akatuletea ndizi. Lakini njiani kurudi Fundi alikuwa amekasirika na nafsi yake kweli kweli. "Nilisikiliza mtu si yeye," alirudia, karibu hadi Westlands. "Mama Mayai, nilisikiliza mtu si yeye."

*

Kosa kubwa zaidi nililoliona halikuwa lake. Alikuwa akitia programu kwenye gari la mzee mmoja wa Uthiru, nami niko kando na pikapu yangu nikingoja zamu. Walikuwa wameegesha pembezoni mwa Waiyaki Way kwa sababu palikuwa na kivuli. Ukapita msafara wa mazishi, magari marefu, taa zote zimewashwa, maua mbele. Na yule mzee, kwa mazoea ya maisha yake yote, alinyoosha mkono akawasha taa kubwa za mbele kumpa heshima marehemu asiyemjua. Betri ilikuwa ya zamani. Kupitia dirishani nikaona dashibodi inafifia, mishale ikaanguka yote kwa pamoja. Kompyuta ikafa.

Nilitegemea Fundi apige kelele. Mtu akikohoa tu wakati ule, alikuwa akimkazia jicho kama mwalimu. Lakini aliketi tu, anatazama msafara mpaka gari la mwisho likapotea kuelekea Kinoo. Mzee alifungua mlango. "Nimeua gari," alikuwa anasema. "Fundi, nimeua gari."

"Umefanya vizuri," Fundi akamwambia. "Mimi ndiye nilichagua mahali pabaya pa kulala." Akalitafutia kompyuta nyingine mjini, akaifundisha upya, na tangu siku hiyo hakutia programu tena kando ya barabara kuu. Alitafuta viwanja vya kanisa, nyuma ya ghala, mahali ambapo wafu hawapiti.

Siku yake ilipofika, jeneza lake lilibebwa na pikapu yangu, nyuma, mahali pa mayai. Familia ndiyo iliyoomba. Niliwasha taa kubwa. Nilivua viatu kabla ya kushika usukani, na watu wa kanisa wakanitazama. Tulipopita ule upande wenye kivuli, nilimwona yule mzee wa Uthiru ameegesha pembeni, naye taa zake zinawaka mchana kweupe.

*

Lakini sitaki kuishia hapo. Nataka kuishia siku nyingine, kabla ya hiyo.

Ilianza na damu. Alishuka kwenye pikapu yangu siku moja baada ya kunisikilizia kelele fulani, na nilipogeuka nikaona alama nyekundu juu ya bati, pale nyayo zake zilipokuwa. Nikamwita. Aliinua mguu, akakuta kipande cha chupa kimezama kwenye kisigino. Alikitoa kwa vidole. Alikitazama kwa muda mrefu, halafu akautazama mguu, kama mtu aliyeitwa jina na mgeni.

"Haikuuma?" nikamuuliza.

"Ni kidogo tu," akasema. Hakujibu nilichouliza.

Hospitalini walimwambia sukari. Mama wa chai akaanza kumpa chai kavu isiyo na kitu, naye akasema kwamba ni maji ya kuoshea kikombe. Alianza kutembea akitazama chini, akiweka kila mguu kama anaweka kitu cha mtu mwingine. Nilisikia amehamishia kazi nyumbani kwake Uthiru. Nilisikia kidole kimekatwa. Bado watu walimpelekea magari, na kila mmoja niliyekutana naye aliniambia iko poa. Mwanamke mmoja wa Kinoo aliniambia hivyo hivyo, kisha nikamwona akiondoka sokoni, gari lake likimtupa kichwa mbele na nyuma.

Akanipigia simu mwenyewe. "Mama Mayai, kampuni imetoa programu mpya ya gari yako. Wanasema hii ni laini kuliko zote. Lete."

Ilikuwa mwezi wa saba, ile baridi yetu ya mawingu yaliyoshuka hadi kwenye paa. Nilimkuta kwenye kiti nje ya mlango, sweta ile ya kijani, fimbo kando. Alipoingia kwenye gari alivua viatu kama kawaida, lakini ilichukua muda, na soksi zilikuwa nene, za sufu. Chini yake palikuwa na bandeji. Sikumsaidia, maana hakuomba. Aliweka nyayo sakafuni.

Tuliketi nyuma ya kanisa lao kutia programu. Kimya kile kilikuja tena. Taa zikawaka, mishale ikapanda. Ukungu ulikuwa umetuzunguka pande zote, hata ukuta wa kanisa ulikuwa umeondoka, na nilihisi kama tumeketi ndani ya kitu kinachoelea mahali pasipo na mji wowote. Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa akitabasamu. Nikamwomba Mungu programu hii iwe nzuri yenyewe.

"Imeamka," alisema. "Twende Kinoo."

Niliachia klachi. Pikapu ilitetemeka. Nikaingiza gia ya pili, ikainamisha kichwa, ikakirusha nyuma, kama siku zile za mwanzo, pengine zaidi. Fimbo yake ilianguka kutoka pajani. Aliiokota.

"Unaona?" akasema, macho yamefumbwa. "Kama maziwa."

Tulipanda. Nyuma ya lori la mawe gari lilikaa, likafikiria, likaruka. Vidole vyake havikujikunja. Vilikuwa vimelala tu juu ya bati, kama vya sanamu. Nilikuwa nafikiria kwamba huyu ni mtu mgonjwa, kwamba programu naweza kuitoa kesho kwa fundi mwingine mjini, kwamba haitamgharimu mtu kitu nikisema neno moja dogo. Kisha nikamfikiria yule mwanamke wa Kinoo, na mlima wa Kangemi, na magari mengine yote yaliyotoka kwenye mlango ule.

Tulipofika Kinoo niliegesha mbele ya duka la chakula cha kuku. Nikavuta breki ya mkono.

"Sasa?" akauliza, kama alivyouliza daima.

"Bado, Fundi."

Alifungua macho.

"Bado wapi?"

"Kote. Kuondoka inatetemeka. Gia ya pili inaruka. Mlimani ndio kabisa."

"Kuliko zamani?"

"Kuliko jana."

Watu walikuwa wakipita na magunia. Aliinama, akaishika miguu yake kwa mikono miwili, akaibonyeza.

"Sijasikia," alisema. "Sijasikia kitu, mama. Nilidhani ni kwa sababu imetulia."

Nilitaka kusema pole. Nikazima injini.

"Na hao wengine?"

"Mmoja nimeona gari lake linaruka, kwa macho yangu."

"Na wameniambia iko poa."

"Wanakupenda, Fundi."

"Hiyo ndiyo itaua mtu," akasema, bila hasira. Akatoa simu. Niliketi pale nikamsikia akiwapigia mmoja baada ya mwingine. Aliwaambia maneno yale yale: nimekosea kwa gari yako, usipande nayo mlima, ipeleke kwa mwenzangu Kirinyaga Road, nitaongea naye. Kila mmoja nadhani alikuwa akibisha, kwa sababu alirudia, "La, sikiliza. Nimekosea." Alipomaliza akaiweka simu mfukoni.

"Hii yako tumalize mimi na wewe," akasema. "Weka mguu. Uniambie inavyosema. Usinyamaze."

Basi tukashuka na kupanda kati ya Kinoo na Uthiru, katika ukungu ule, na kwa mara ya kwanza ni mimi niliyekuwa nikiongea ndani ya gari na yeye akisikiliza. Nilimwambia: hapa inangoja. Hapa inajibu mapema. Hapa ni kama mtu anayeshtuliwa usingizini. Hapa inaachilia polepole sana. Tulikuwa tukisimama nyuma ya kanisa, anagusa namba zake kwenye laptopu, mishale inapanda, inashuka, tunaondoka tena. Alikuwa akiuliza kama mtu anayeuliza habari za kwao. "Inashtuka kwa tumbo ama kwa mgongo?" Nami nilijua jibu. Sikujua kwamba nilijua.

Mchana ulikuwa umekwisha kuchoka tulipopanda kwa mara ya mwisho. Kulikuwa na lori mbele, linakwenda taratibu. Niliachia klachi. Pikapu ikaondoka. Gia ya pili iliingia bila mimi kuihisi, na kile kilima kikawa kinateremka chini yetu kama kitambaa kinachovutwa na mtu mwenye subira. Nilinyamaza.

"Mbona umenyamaza?"

"Hakuna cha kusema, Fundi."

"Imetulia kweli, ama unanihurumia?"

"Imetulia."

Aliniangalia usoni. Nami nilimwangalia kiasi barabara iliponiruhusu, ili aone. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akainama, taratibu, akaingiza mkono chini ya kiti. Akatoa viatu vyake. Akavaa soksi moja, akavaa ya pili, akaingiza mguu, akafunga kamba vizuri kwa fundo mara mbili, kama mtu anayekwenda mbali, huku gari likitembea.